Mto Uendao Misri

Baba alipofariki, wadogo zangu waligawana cherehani zake mbili, pasi ya makaa na meza ya kukatia nguo. Mimi niliomba karatasi iliyokuwa imegandishwa ukutani nyuma ya kiti chake. Waliniangalia kwa huruma, kama mtu aliyedhulumiwa na bado hajajua. Ilikuwa ramani ya dunia iliyochanwa katikati ya kitabu cha shule, mchwa wameshakula Australia na kipande cha Uchina. Nilipoibandua ilitoa harufu ya mafuta ya cherehani na vumbi la chaki, na mimi, mtu mzima mwenye watoto wanne, nikajikuta nimekaa sakafuni pale alipokuwa akishonea.

Sisi tuliokulia Gitega miaka ile ya vita, kila mmoja wetu alipewa na wazazi wake kitu cha kumnyamazisha. Kuna waliopewa rozari, kuna waliopewa karata. Nyumbani kwetu tulipewa maswali. Saa kumi za alasiri mtaa wetu wa Waswahili ulikuwa umeshafunga milango, na mtoto hakuruhusiwa hata kwenda kuchota maji bombani. Baba aliwasha pasi, akanyunyizia kitambaa maji, akaanza.

"Zaituni, nchi gani imezungukwa na nchi moja tu, pande zote?"

"Lesoto."

"Nchi gani ndogo kuliko zote duniani?"

"Vatikani."

"Nchi gani kubwa, lakini haina mto hata mmoja?"

"Saudia."

"Na pale Makka watu wanakunywa nini?"

"Zamzam, Baba!"

Yeye mwenyewe hakuwahi kufika mbali kuliko Kigoma, lakini aliiuliza dunia kama mtu aliyeizunguka kwa miguu. Kukosea nchi, kwake, kulikuwa sawa na kukosea jina la mgeni aliyekaa mbele yako: utovu wa adabu. Aliyekosea aliokota vipande vya uzi vyote vilivyoanguka siku ile. Nilichelewa sana kutambua kwamba maswali yale yalikwenda na milio ya bunduki. Mlio ukiwa mbali, kule vilimani, aliuliza miji mikuu. Ukikaribia, aliuliza visiwa, maana visiwa ni vigumu na mtoto anayetafuta jina la kisiwa hasikii kitu kingine.

Swali nililolipenda lilihusu kwetu. "Mto wetu Ruvubu unaishia wapi?" Jibu lake lilikuwa refu, na mimi nililisema kwa pumzi moja, nikijipumzisha Sudani tu: Ruvubu inaingia Tanzania, inakutana na mwenzake inakuwa Kagera, Kagera inaingia Ziwa Viktoria, Viktoria inatoa Nili, Nili inapita Uganda, inapita Sudani, inafika Misri. Baba alikuwa akicheka. "Nguo unayofua hapa," alisema, "uchafu wake Mmisri anaulalamikia." Nami niliamini. Niliamini pia kwamba mipaka ya nchi imechorwa ardhini kwa wino mwekundu, kama kwenye ramani, na kwamba siku nikifika mpakani nitaruka ule mstari ili nisiuchafue.

Goreti alifika asubuhi moja ya mvua. Mama alifungua mlango kumwaga maji ya kuoshea vyombo, akamkuta ameegemea ukuta, matope mpaka magotini, amevaa sare ya shule iliyochanika begani. Baba aliitambua sare kabla ya kumtambua mtoto, kwa sababu aliishona yeye. Baba yake Goreti alikuwa mkulima wa Bugendana, mtu mrefu, mpole, aliyetuletea maharage na ndizi kila siku ya soko. Mwaka uliotangulia alimleta binti yake kupimwa sare, wakanywa chai kwetu. Goreti alikuwa ametembea kutoka Bugendana peke yake, akijificha kwenye migomba kila aliposikia watu, mpaka nyumba pekee ya mjini aliyoijua. Alikuwa na miaka kumi, mimi tisa.

Mama alimwosha, akampa uji. Hakusema kitu siku mbili. Siku ya tatu nikiwa nachambua mchele nilimsikia Baba jikoni akimwambia Mama kwa sauti ya chini, "Nimepata habari. Baba yake amekwenda na maji. Ruvubu." Mama akasema, "Inna lillahi," na mwiko ukamponyoka.

Nyinyi mnaosoma mnajua alichomaanisha. Mimi nilijua kitu kimoja tu kuhusu Ruvubu, nacho ni pale unapoishia. Nilifurahi. Nilitoka mbio hadi chumbani tulikolala, nikamkuta Goreti amekaa kitandani amekumbatia magoti, nikamwambia kwamba baba yake hajapotea. Yuko safarini. Amekwenda na mto, na mto huo naujua wote.

Kiswahili chake kilikuwa kidogo, cha sokoni, na Kirundi changu kilikuwa cha mjini, lakini tulielewana. Nilimpeleka mbele ya ramani, nikaweka kidole. Hapa Ruvubu. Hapa Kagera. Hapa Viktoria, hapa atapumzika, ziwa ni kubwa. Hapa Nili. Nilipofika Misri nilipiga ukuta kwa kiganja, nikasema, "Basi, amefika!"

Aliitazama ramani muda mrefu. Kisha akasema neno la kwanza tangu afike. "Tena."

Tangu siku ile aliniuliza kila siku, mara mbili, mara tatu. Data yuko wapi leo? Data ni baba, kwa Kirundi. Nami nilipiga hesabu zangu za kitoto: leo yuko Kagera, leo ameingia ziwani. Alianza kusema pamoja nami, midomo ikicheza, hadi akajua maneno yote, pamoja na lile la mwisho.

Lakini mtaa ulikuwa na macho. Watu wenye silaha walipita wakiuliza kila nyumba ina wageni wangapi, na jirani yetu mmoja alichukuliwa kwa sababu ya mgeni. Ndipo Mama Neema alipoingia katika jambo hili. Alikuwa Mkongomani wa Kivu ya Kusini, Mkristo, mwuza vitenge, aliyepanga chumba uani kwetu. Alikuwa na mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi, na biashara yake ilimpeleka mpaka Muyinga, na kutoka Muyinga mpaka Tanzania. Goreti alikuwa na shangazi katika kambi ya wakimbizi huko.

"Mi nitamupeleka," alimwambia Baba. "Ile njia naijua, kila baryeri ya watu ya bunduki naijua. Lakini mutoto moja, na mi Mukongomani? Watauliza. Watasema, huyu umemutoa wapi?"

Baba alikuwa anashona. Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Wakiwa wawili?"

Sikuelewa, lakini Mama alielewa mara moja. Alitoka jikoni mikono inadondoka maji.

"Usithubutu."

"Wasichana wawili wa Kiislamu, ambao hawahesabiwi upande wowote wa vita hivi, nguo moja, wanakwenda kwa bibi yao Muyinga. Mama Zaituni, mama yangu yuko kule kweli. Hakuna uongo mkubwa ndani yake."

"Unamfanya mwanangu pazia la mtoto wa mtu!"

"Ndiyo," Baba akasema. Hakujitetea. Alikuwa na sauti ambayo sikuwahi kuisikia, nyembamba kama ya mgonjwa. "Ndiyo. Niambie njia nyingine."

Mama alirudi jikoni, na kuanzia saa ile hakumwelekezea Baba neno. Akitaka kumwambia kitu alinituma mimi.

Baba alitushonea magauni mawili ya kitambaa kimoja, na ushungi mweupe kila mmoja. Goreti akapewa jina la Rehema. Kwa siku nne Mama alimfundisha Fatiha, akimrekebisha kwa subira, mpaka akaisoma vizuri kuliko mdogo wangu. Kila mtu alikuwa na hakika kwamba hilo ndilo litakaloulizwa njiani. Asubuhi ya safari Mama alinifunga ushungi, akaufungua, akaufunga tena. Akanishika uso kwa mikono miwili. "Ukiulizwa, huyu ni dada yako. Akilia, ni dada yako. Wakimshika, Zaituni…" Alinisukuma nje kama mtu anayefukuza kuku.

Tulipanda nyuma ya kamyoneti, juu ya marobota ya vitenge, pamoja na wanawake watatu wenye vikapu. Mama Neema alikaa mbele na dereva. Barabara ya Karuzi ilikuwa tupu kuliko barabara yoyote niliyoiona: nyumba hazina milango, maharage yameiva shambani na hakuna wa kuyavuna. Mimi nilikuwa natafuta mstari mwekundu. Kila tulipopita kibao cha jina la mahali nilichungulia chini, nikaona vumbi lile lile.

Darajani Ruvubu kulikuwa na baryeri, mti uliolazwa juu ya mapipa mawili. Sitasema watu wale walikuwa wa upande gani, kwa sababu hadi leo sijui. Walikuwa na bunduki na viatu visivyolingana. Walituamuru tushuke wote tuvuke kwa miguu huku gari likipekuliwa. Walisoma karatasi za wanawake. Walimpekua Mama Neema, naye akawatania kwa sauti ile kubwa, wakacheka kidogo. Tulikuwa karibu kumaliza. Nilimshika Goreti mkono tukaanza kuvuka.

Katikati ya daraja alisimama.

Nilimvuta, hakusogea. Aliushika ukingo wa chuma kwa mkono wake wa pili, akainama kutazama maji. Yalikuwa ya kahawia, yamejaa mvua, yanapeleka majani na matawi kwa haraka ya kutisha. Midomo yake ilianza kucheza.

"Wewe! Mtoto! Unazungumza na nani?"

Alikuwa kijana, pengine miaka ishirini, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Tanzania, kilichonyooka, kama cha redioni. Alikuja akitembea polepole, bunduki imelala kwapani.

"Mutoto iko na kizunguzungu, kijana yangu," Mama Neema alipaza sauti kutoka nyuma. "Ni gari imemusumbua."

"Nyamaza, mama. Nimemwuliza mtoto."

Goreti aliendelea kutazama maji. Nilijua akifungua kinywa kwa Kirundi cha Bugendana tumekwisha. Nikasema jambo la kwanza lililonijia.

"Anajibu swali."

"Swali gani?"

"La Baba. Baba yetu anatuuliza maswali. Ya nchi, na miji, na mito. Tukikosea tunaokota uzi."

Alinitazama, kisha akamtazama Goreti, kisha magauni yetu. "Wewe unajua kusema. Dada yako hana ulimi?"

"Anao."

"Basi sikukuuliza wewe." Alichuchumaa mbele ya Goreti, hata nyuso zao zikalingana. Mwenzake alikuwa amesogea, amesimama nyuma yetu, nilisikia anapumua. Kijana akasema, "Haya, mimi ndiye baba yako leo. Mto huu unakwenda wapi?"

Nilitaka kusema badala yake, nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nimekatazwa. Niliutazama mshipa wa shingo yake ukipiga chini ya ushungi. Kisha akaanza, na iliyotoka ilikuwa sauti yangu.

"Ruvubu inaingia Tanzania, inakutana na mwenzake inakuwa Kagera. Kagera inaingia Ziwa Viktoria. Viktoria inatoa Nili. Nili inapita Uganda, inapita Sudani…" Akapumzika hapo, pale pale ninapopumzika mimi. "Inafika Misri. Basi, amefika."

Yule kijana hakuinuka.

"Amefika nani?"

Maji yalikuwa yanagonga nguzo za daraja chini yetu.

"Nani amefika?" akauliza tena, polepole.

"Mto," Goreti akasema.

Kijana alimtazama. Halafu uso wake ukafunguka, akacheka, akamgeukia mwenzake. "Umesikia? *Mto amefika!* Hawa Waswahili wa Gitega! Wanajua mpaka Misri, lakini Kiswahili chenyewe hawakijui." Akamnyooshea Goreti kidole kama mwalimu. "Mto *umefika*. Si mtu huyo. Sema."

"Mto umefika."

"Sawasawa. Nendeni."

Tulivuka. Mama Neema alipotufikia ng'ambo alitupandisha garini mmoja mmoja kama magunia, akatukemea kwa sauti kuhusu kuchelewesha watu, na huku akitukemea alishindwa mara tatu kufunga komeo la nyuma. Fatiha hakuna aliyeiuliza.

Bibi yangu mzaa Baba aliishi Muyinga mjini, nyuma ya soko, akishona kofia za darizi. Mama Neema alituacha kwake, akaenda soko la Gashoho kuuza vitenge na kusikiliza habari za mpaka, maana njia ya Tanzania ilifunguka na kufungwa kama mlango wa upepo. Tulimngoja siku tano. Ilikuwa katika siku hizo ndipo Bibi aliponisikia nikimwambia Goreti kwamba huenda baba yake ameshaingia Uganda. Alisubiri Goreti aende kuoga. Kisha akaweka sindano chini, akanivuta karibu.

"Nani kakwambia maneno hayo?"

Nikamweleza. Alisikiliza yote, hadi Misri. Bibi alikuwa mtu wa ukweli mkavu, hakujua kuuzungusha.

"Mjukuu wangu, anayekwenda na maji hafiki. Wamemuua, wakamtupa mtoni. Ndiyo maana yake."

Nilipatwa na homa usiku ule. Bibi alidhani ni malaria, akanipa dawa chungu. Haikuwa malaria. Nilikuwa nimemdanganya yatima, kila siku, mara tatu kwa siku, nikipiga ukuta kwa furaha. Nilimkumbuka darajani alivyoyatazama yale maji, nikajificha uso kwenye mkeka. Siku mbili nilimkwepa. Akiniuliza data yuko wapi nilijifanya nimelala.

Mama Neema alirudi na habari kwamba njia ni wazi kesho yake, na huko hakuna baryeri ya kuuliza mtoto ni wa nani. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta Goreti nyuma ya nyumba, anakunja lile gauni lake lililofanana na langu, kwa uangalifu, mshono juu ya mshono. Nilikuwa nimejipanga maneno usiku kucha. Yalitoka yote pamoja, na machozi.

"Goreti, sikujua. Haki ya Mungu sikujua. Baba yako haendi Misri. Nilikosea. Baba yako wali…"

"Najua," akasema.

Aliendelea kukunja.

"Nilikuwa kwenye migomba. Nilimwona. Niliona wanambeba mpaka kwenye maji."

Nilikosa pa kuweka mikono. "Basi kwa nini uliniuliza? Kila siku uliniuliza!"

Alifikiri. Alikuwa anatafuta maneno katika lugha yangu, na hayakuwa mengi.

"We ukisema, data anatembea," akasema. "Ukinyamaza, anabaki pale."

Mama Neema aliita kutoka barabarani. Goreti alinipa gauni lililokunjwa, kisha akabadili mawazo, akalichukua tena, akalitia kwenye mfuko wake. Hakunikumbatia, watoto wa vilimani hawakuwa na mazoea hayo. Alinishika mkono wa kulia kwa mikono miwili, kama mtu mzima anavyomshika mtu mzima mwenzake, akaenda. Sikumwona tena maishani.

Baba alikuja kunichukua baada ya miezi miwili, njia zilipotulia. Alikuwa amekonda. Nyumbani, Mama alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi, akanipima mikono na shingo kama ng'ombe wa mnada, na hakumsalimia Baba aliyesimama nyuma yangu na mzigo. Wadogo zangu waliniambia imekuwa hivyo tangu siku niliyoondoka. Chakula aliwekewa, nguo alifuliwa, lakini neno, hapana. Baba hakuuliza nchi yoyote jioni ile, wala hakuna aliyemwomba.

Siku ya tatu Mama Neema, ambaye hakuwa amerudi tangu aondoke na Goreti, aliingia uani na marobota yake, sauti ikimtangulia. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaomba maji, akanywa bakuli zima kabla ya kusema. Walifika. Shangazi yupo, mzima, ana kibanda chake kambini na watoto wawili.

"Kumbe yule mutoto hakusema kitu njia yote," alisimulia. "Kilomita kwa kilomita, kama jiwe. Mi nikaogopa, nikasema huyu amesha haribika. Tukafika. Shangazi iko inasonga bugali, ikageuka, ikamuona. Ee, weye! Mutoto akalia. Akalia, akalia, mpaka akaanguka chini, majirani wote wakakuja. Jua ikazama, bado analia." Mama Neema alijipangusa uso na kitenge chake, anatabasamu. "Mi nikapiga magoti nikashukuru Mungu, kumbe moyo yake haiyakufa. Nilifurahi sana."

Niliinuka kwa hasira. Nilimwuliza mtu mzima anawezaje kufurahi mtoto analia hivyo, nikamwuliza Bibi yangu alikuwa na haki gani kucheka, ingawa Bibi hakuwepo wala hakucheka. Sikujua ninasema nini. Walikuwa wananitazama kwa upole ulionizidishia ghadhabu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Alimgeukia Baba, ambaye mkono wake ulikuwa umelala juu ya gurudumu la cherehani.

"Umesikia?" akamwambia. "Amelia."

"Nimesikia, Mama Zaituni," Baba akasema. "Nimesikia."